Kitambaa Nilichopokea Kuzören

Uvumi ule niliuokota kwenye foleni ya mkate, na tangu siku hiyo mkate wenyewe ulikuwa haunipiti kooni. Alinipa jirani yangu Pembe, wa ghorofa ya juu. Pembe hapendi umbea hata kidogo, ndiyo maana akiupata huugawa haraka ili umtoke.

Alinishika kiwiko. "Nazmiye, dada yangu, mimi sisemi kitu. Lakini huyo Tuncay wa Elmas wako, wanasema kijijini kwao Kuzören ana mke. Wa ndoa ya imamu tu. Serikalini hayumo, jikoni yumo."

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mimi sisemi kitu, dada," akajibu, akaondoka na mikate yake huku amekwisha sema kila kitu.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua mambo yalipofikia. Binti yangu Elmas, msusi wa saluni ya karibu na stendi, alituletea habari za mchumba anayetengeneza mashine za kufulia. Mume wangu Rifki akanuna. Kisha mashine yetu ikapelekwa kwa kijana huyo ikarudi inazunguka kama mpya, na Rifki akagundua kwamba kijana ana maadili. Basi ikapangwa wazazi wa kijana waje kuposa Jumamosi. Wazazi ambao hatujawahi kuwaona hata kwenye picha! Mimi kijana mwenyewe nilikuwa nimemchungulia dirishani tu, akimsubiri Elmas chini barabarani. Yeye hakuniona. Mimi pazia nalijua kulishika.

Sasa niambieni. Unapokea posa ya mtu ambaye huenda ana mke jikoni?

Kwetu posa haipokelewi bila kuuliziwa. Anatumwa binamu, anaulizwa muuza duka, anaulizwa imamu, mpaka ijulikane babu wa kijana alikuwa analipuka kwa hasira au analia. Lakini Kuzören sina binamu. Nikaona nitakwenda mwenyewe. Nitajifanya msafiri. Msafiri anaulizaje? Anauliza anachotaka, kisha anapanda basi.

Nilimwambia Rifki nakwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, magoti yananisumbua. Magoti yangu yalikuwa mazima kama ya mbuzi.

Nilivaa vizuri, maana nilitaka nionekane mtu wa kutoka mbali. Kilemba cha hariri, koti la sherehe, viatu vya ngozi, mkoba. Nikanunua na boksi la halua, kwa kuwa sijalelewa kuingia kwa watu mikono mitupu. Nikajitazama kwenye kioo nikaona msafiri kamili. Akili yangu siku hiyo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi.

Basi dogo likaniacha uwanjani Kuzören. Wanaume wa mkahawa wa chai waligeuza viti vyao kunitazama, kwa kuwa kulikuwa hakuna kingine cha kutazama. Barazani pa nyumba ya kwanza wanawake walikuwa wanasugua unga wa tarhana, wameutandaza juu ya shuka ukauke kwa supu za baridi.

"Karibu, dada," akasema yule mnene. Jina lake Döndü, nililijua baadaye, kwa gharama yangu. "Wewe ni wa kina nani?"

"Si wa mtu hapa. Mimi msafiri tu, natoka Denizli. Nimekuja kuona msikiti wenu wa nguzo za mbao."

"Msikiti," akasema Döndü.

"Msikiti," wakasema wenzake, wakaangaliana.

"Umetoka Denizli kuja kuona msikiti. Denizli hakuna misikiti?"

"Ya mbao hakuna."

"Mh. Na una watoto, dada msafiri?"

"Wa kike na wa kiume."

"Wa kiume ameoa?"

Hapo mwanamke mwenye akili angesema ameoa, ana watoto, na mke wake ni mkali. Lakini mimi nilikuwa nimeshamdanganya mume wangu asubuhi, nikaona uongo wa siku moja umetosha. Nikasema kweli.

"Bado. Serhat wangu yuko kiwanda cha nguo, kazi ya kudumu."

Walisimama wote. Walipangusa unga mikononi. Döndü akageukia ndani akapaza sauti ambayo nina hakika ilifika kwenye maji ya moto niliyosema nakwenda.

"Songül! Weka kahawa! Na uvue hilo lisuruali, vaa ile sketi ya buluu!"

Ndipo nikajitazama upya. Kilemba cha hariri, koti la sherehe, boksi la halua mkononi.

Kwetu mama mwenye kijana wa kuoza huingia nyumba yoyote yenye binti, hata bila kualikwa, akapewa kahawa, akamkagua msichana anavyoshika sinia. Hasemi alichofuata. Atasema alikuwa anapita, ameona kiu, amependa maua ya dirishani. Na kadiri anavyokana ndivyo anavyoaminika. Mimi nilikuwa nimekana kwa bidii sana.

Ningeweza kusema hapana, mmenikosea. Lakini nikafikiri: hawa watu wananifungulia milango yao kwa hiari yao, wananikalisha, wananipa kahawa, na mtu anayemnadi binti yake hachoki kuwasema jirani zake. Kuna upelelezi gani mzuri kuliko huu? Nikajiona mjanja. Mungu anajua kunichekesha.

Songül alikuja na sinia inatetemeka. Msichana mzuri, maskini, mashavu mekundu. Nikamwambia kahawa ina povu zuri. Mama yake akakaribia kulia.

"Huyu, dada, anakanda unga tangu hajaanza shule. Wala hana simu."

Simu ikalia mfukoni mwa sketi ya buluu.

"Ya dada yake," akasema Döndü, bila kupepesa macho. "Ila nikuonye, utapita na kwa Hüsniye hapo mbele, na binti yake utaonyeshwa. Mzuri wa sura. Lakini akikasirika anavunja sahani."

Nilipofika kwa Hüsniye, Döndü akinisindikiza kama polisi, niliambiwa Songül ana mchumba wa siri kwenye simu na anakoroma. Nikanywa kahawa. Nikaingia nyumba ya tatu, nikanywa kahawa. Moyo ukaanza kunidunda, sijui kwa kahawa au kwa dhambi.

Mwisho, tuliporudi wote barazani kwa Döndü, nikaliachia swali langu, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Kuna kijana mmoja kule kwetu, Tuncay, fundi wa mashine za kufulia. Si wa hapa huyu?"

Döndü akamtazama Hüsniye. Hüsniye akaitazama tarhana.

"Ni wa Sidika," akasema Döndü polepole. "Wa nyumba ya lango la kijani."

"Ana mke?"

Hüsniye akakohoa. Döndü akaniangalia kwa macho mapya, macho ya mtu aliyeelewa, na aliyeumia.

"Kumbe umeshaambiwa kwamba kwa Sidika kuna msichana wa kuozwa. Basi ungesema tangu mwanzo, dada, nisingepoteza kahawa yangu. Twende. Mimi sina kinyongo."

Akanishika mkono. Mkono wa Döndü ukikushika, huchagui pa kwenda.

Basi ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa mkwe wangu mtarajiwa, kabla ya posa, nikijifanya mtu mwingine, nikiwa na halua iliyobaki nusu. Sidika ni mwanamke mwembamba, mrefu, anayekaa wima kama amemeza mwiko. Alinikaribisha kwa heshima zote. Akanimiminia marashi ya ndimu viganjani. Mlangoni pa jiko alisimama msichana, macho chini, uso mtulivu.

"Huyu Reyhan wetu," akasema Sidika. "Hatumtoi kwa mtu yeyote tu."

Binti yake, nikawaza. Dada yake Tuncay. Moyo ukatua. Mke wa jikoni ni dada yake, na Pembe ni mwongo kama kawaida yake! Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu ile foleni ya mkate. Nilitamani kumbusu Sidika mikono yote miwili.

"Umekuja wakati mzuri," akaendelea. "Nyumba yetu ina heri. Mwanangu Tuncay naye anaoa, Jumamosi tunakwenda Denizli kuposa. Leo yuko njiani anakuja."

"Hongera, dada. Ni watu wazuri?"

"Binti ni mzuri." Akashusha pumzi. "Mama yake ndiye mtihani."

Döndü akavuta mto akakaa sawasawa.

"Kwa nini?" nikauliza. Nawaambieni, ulimi huu ungekatwa siku hiyo ningeshukuru.

"Wanasema anahesabu mizeituni mezani. Mume akipiga chafya, anamwuliza amepigia chafya kwa nani. Ana pazia moja sebuleni limechakaa katikati kwa kulishika, anachungulia barabara mchana kutwa."

Döndü akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Ndiyo. Nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nisingecheka wangenishuku. Lakini huku nacheka nikawa najiuliza: habari za pazia zimetokea wapi? Nyumbani kwetu tunaolijua lile pazia ni mimi, Rifki na watoto wangu. Rifki hajawahi kuliona pazia lolote tangu tuoane.

"Maskini binti," nikasema. "Mama wa namna hiyo!"

"Tutamzoesha," akasema Sidika.

Nikaomba ninawe mikono, maana jasho lilikuwa limeanza. Reyhan akanipeleka bombani nyuma ya nyumba. Akanishikia taulo. Kisha, bila kuinua macho, akasema chini chini:

"Shangazi, nikuombe kitu. Kama moyo wako umenipenda, usirudi nyuma. Nichukue."

"Kwa nini unasema hivyo, mwanangu? Mama yako hakutendei vizuri?"

"Si mama yangu. Mimi ni mke wa mwanawe mkubwa. Marehemu. Trekta lilimpindukia."

"Mungu amrehemu. Basi kwa nini hukurudi kwenu?"

"Kwetu hakuna mtu tena. Wakasema nitabaki humu, lakini vipi nibaki nyumba moja na shemeji asiye maharimu wangu, anayeweza kunioa? Wakasema nirithiwe. Imamu akaitwa, akatufungisha ndoa mimi na Tuncay sebuleni pale ulipokaa. Kesho yake yeye akaenda mjini."

Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka. Hakuna aliyefunga bomba.

"Kwa hiyo wewe ni mke wake."

"Kwa jina. Hajawahi hata kunishika mkono, shangazi, naapa. Si mtu mbaya, ni mwoga tu. Amesema ataniacha, talaka iko mdomoni. Lakini mama hataki watu waseme amemfukuza mjane wa mwanawe. Amesema sitaachwa mpaka apatikane wa kunipokea. Na Jumamosi inakuja. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Hapo nikaelewa kwa nini Sidika amenimiminia marashi mengi vile. Mimi nimekuja kujua kama Tuncay ana mke. Yeye amekaa ananitazama mimi kama mahali pa kumpeleka mke huyo. Kila mmoja wetu alikuwa amepata alichokitafuta.

Nilirudi sebuleni. Nilitaka kitu kimoja tu: nipande basi, nimkalishe Elmas kitini, nimwambie, mwanangu, posa imekufa. Nikasema, "Dada Sidika, ahsante kwa kahawa, mimi sasa..."

Sidika alikuwa amesimama. Mikononi ameshika kitambaa kilichokunjwa vizuri, cha rangi ya zambarau, pembeni kimetiwa nakshi za sindano kama maua ya pilipili.

"Amekishona Reyhan mwenyewe," akasema. Akakinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

Kwetu Denizli, ukipewa kitambaa unapoaga ni zawadi. Unakipokea, unasema mikono iliyoshona isiugue, unakwenda zako. Ukikikataa umetukana nyumba. Nilikuwa na haraka. Nikakipokea.

Döndü akapiga kofi mapajani. "Haya! Limekwisha! Na Songül wangu nimemvalisha sketi bure!"

"Limekwisha nini?" nikauliza.

"Neno, dada. Umepokea kitambaa." Akanitazama kwa huruma. "Kwenu hamfanyi hivi? Hapa aliyepokea kitambaa amemchukua binti. Kukirudisha, kuna watu waliacha kusalimiana kwa kitambaa hadi leo. Kule bondeni walichomeana ghala."

Sidika alikuwa anafuta machozi. Mwanamke yule mwembamba kama fimbo, machozi kweli. "Mungu awajalie. Mwanao nitamwita mkwe wangu."

Nikahesabu, kwa akili ile ndogo ya darasa la tano niliyobakiwa nayo. Serhat wangu, ambaye saa hiyo alikuwa kiwandani hajui lolote, ameposewa mke. Mke huyo ni mke wa mchumba wa dada yake. Aliyemposea ni mama yake mzazi, aliyeaga kwamba anakwenda kuchovya magoti.

Nikamtazama Reyhan mlangoni. Usoni pake palikuwa na kitu ambacho sijakiona kwa mtu siku nyingi. Alikuwa ameinua macho. Sasa nambieni mngesema nini. Ningesema nimekosea? Ningemkunjia kitambaa chake nimrudishie mbele yake?

"Dada Sidika," nikaanza, "kuna jambo lazima nikwambie. Mimi si..."

Lango likagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Gari lilikuwa limesimama nje. Sauti ya kijana ikaita, "Mama! Tumefika!"

Tumefika. Akina nani?

Tuncay akaingia kwanza, yule yule wa chini ya dirisha langu, akambusu mama yake mkono. Nyuma yake akaingia msichana, kiatu kimoja ameshavua, anainama kuvua cha pili. Nilimjua kwa kisogo. Kisogo kile nimekisuka nywele tangu kina vipele vya joto.

Elmas wangu. Elmas aliyeniambia leo ana maharusi wa kusuka tangu alfajiri, hata chakula hatapata nafasi ya kula.

Akainuka. Akaniona. Nawaapia, uso wake haukutikisika hata kope.

"Njoo, binti yangu," akasema Sidika kwa furaha. "Leo ni siku ya heri juu ya heri. Huyu mama ametoka huko huko Denizli, amekuja kumchukua Reyhan wetu. Kitambaa ameshapokea!"

Elmas akakitazama kitambaa. Akamtazama Reyhan. Kisha akaja, akainama, akanibusu mkono, akauweka kwenye paji la uso, kama afanyavyo mtu kwa mkubwa asiyemjua.

"Karibu sana, shangazi. Kahawa yako imepoa. Nikuletee nyingine."

Hakusubiri kuelekezwa. Akapita mbele ya Reyhan, na Reyhan akampisha kama mtu wa nyumbani anavyompisha mtu wa nyumbani. Kutoka nilipokuwa nilimwona amefungua kabati la juu, upande wa kushoto, nyuma ya mtungi wa asali, akatoa sukari.

Mgeni wa mara ya kwanza hajui sukari inakaa wapi. Mwanangu alikuwa ameshafika nyumba hii, tena si mara moja. Basi mke wa jikoni anamjua. Na kama anamjua, ni nani aliyempa Pembe uvumi ule aniletee, na aliutaka unifikishe wapi?

Akarudi na kikombe. Mkono wake haukutetemeka kama wa Songül. Akanyoosha sinia mbele yangu, akanitazama machoni, akangoja.

Wazazi wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiende mwenyewe kuulizia. Mtume binamu. Huna binamu, mtume hata mtu mnayegombana.

Usivae viatu vizuri kwenye mji usiokujua.

Ukiulizwa kama una mtoto wa kiume, kohoa.

Usinywe kahawa katika nyumba unayoichunguza.

Usicheke wakimsema mwanamke ambaye hujatajiwa jina lake.

Usipokee kitu chochote kilichokunjwa kabla hujauliza kwao kina maana gani.

Usimsikilize msichana bombani maji yakiwa yanatiririka. Pale hujisikii unachowaza.

Usidhani mwanao hakusemi nje kwa kuwa nyumbani ni mpole.

Na ukimkuta mwanao mahali asipotakiwa kuwa, mwite jina lake palepale, mbele ya watu wote, hata kama nyumba itaanguka. Usifanye nilivyofanya mimi, nikapokea kikombe na kusema, "Ahsante, binti."